Lodi wa Vitambaa na Mtoto wa Mbegu

Wiki iliyopita walikuja wazee wawili kwenye chumba changu cha kushonea hapa Chinsapo, pembeni ya Lilongwe, wamevaa makoti kana kwamba wanakwenda harusini, mmoja wao amebeba kreti ya soda. Niliyemjua ni Mzee Zihindula, na kusema kweli nilidhani alikwisha kufa. Alikuwa mtunza mila wa kilima chetu kule upande wa Bukavu, na tulipokimbia vita akaendelea kuitunza mila hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, huku Malawi, ingawa kilima chenyewe tulikiacha nyuma mikononi mwa askari. Sasa koti limemzidi, anatembea kwa fimbo, lakini sauti ni ileile ya mtu aliyezoea wenzake wanyamaze anapoanza kusema. Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. “Mama Nabintu,” akaniambia, “tunatafuta ule mutoto ya Faida. Ule wa mbegu.” Kwenye cherehani ya pili, karibu kabisa na magoti yake, Mbuto, binti wa Faida, alikuwa anapinda suruali ya shule huku mwanawe mchanga amelala mgongoni. Mzee alimpita kwa macho kama anavyopita ukuta. Angemtambuaje, naye hakuwahi kumtazama usoni tangu alipozaliwa?

Hasira zilinipanda mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Faida alikufa mwaka jana, hapahapa Chinsapo, na katika hao wazee hakuna hata mmoja aliyeleta mkeka wala kushika jembe la kaburi. Leo wanamtafuta mwanawe kwa soda. Nikawaambia wangoje nimalize kazi ya mteja, na nilipokuwa nakanyaga pedali mwaka ule mzima ukanirudia, mwaka wa pili wa vita vya pili vya kwetu, nilipokuwa na miaka kama ishirini na nikajifunza jinsi watu wanavyofanywa wakubwa. Nilijifunza katika nyumba mbili kwa mpigo, moja ya Waingereza mjini Lilongwe na nyingine ya tofali za udongo kambini, na mpaka leo sijui ni ipi iliyonikasirisha zaidi.

Ile ya kambini ilikuwa ya chumba kimoja, na tulilala humo wanawake watatu: mimi, Faida, na Mama Nsimire, mkunga wa kilima chetu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu. Faida alikuwa mjane wa mwami. Sitaki msomaji adhani ni malkia. Mwami wetu alikuwa mkubwa wa kilima kimoja chenye migomba na shule moja ya msingi, na Faida alimkuta mzee, akaishi naye miezi michache tu kabla askari hawajamuua mlangoni kwake. Alifika Dzaleka mimba imeshaanza kuonekana. Jioni tulipika bugali ya unga wa muhogo ukipatikana, na usipopatikana tulikula nsima, ugali wa mahindi, kama wenyeji, Faida akilalamika kwamba inapita kooni bila kuaga. Nje ya mlango wetu, jioni hizohizo, wanaume walikaa kwenye matofali wakalizungumza tumbo lake. Hawakumuuliza kama amekula. Waliuliza kama mtoto anacheza upande wa kulia, ambao kwetu ni wa mtoto wa kiume.

Kwetu ilisemwa kwamba mrithi wa kiti huzaliwa ameshika mbegu kiganjani, mtama na ulezi na mbegu za boga, na kwa ishara hiyo watu humjua. Nililisikia jambo hilo tangu utotoni nikaliamini kama nilivyoamini kwamba mvua inatoka juu. Kumbe kila kitu kina jiko lake. Mwezi ule wa mwisho wa mimba Mzee Zihindula aliniita pembeni ya bomba la maji, akaniambia kwamba kwa kuwa mimi ni mtu wa kwenda mjini na kurudi, nimtafutie mbegu safi, zisizo na wadudu, na nisimwambie mtu. Nilizinunua katika soko la Mitundu siku niliyomsindikiza mwajiri wangu kutafuta viazi, nikazileta Dzaleka zimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Kwa hiyo niseme wazi: ile ishara ya kutoka juu, aliyeibeba kwenye gari ni mimi.

Mwajiri wangu aliitwa Dona Edith. Wamalawi humwita mwanamke wa Kizungu dona, nasi tukafuata. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, anayeishi peke yake katika nyumba ya Area 10, mtaa wa matajiri, yenye bustani kubwa kuliko kiwanja chetu cha mpira, na alinichukua kumshonea mapazia kwa sababu nilikuwa na Kifaransa cha liseo, yaani sekondari ya kwetu, naye alikuwa na Kifaransa alichofundishwa na mlezi wake utotoni. Tulikielewa kila mtu kwa namna yake. Chumba cha kulia kilikuwa na giza hata mchana, meza ya watu wengi akila mtu mmoja, na ukutani picha za wanaume wenye mashavu mekundu waliomtazama akinywa supu. Kila kijiko cha fedha kilikuwa na kondoo aliyevaa taji mgongoni mwa mpini. Siku ya kwanza nilicheka nilipomwona kondoo huyo. Dona naye akacheka, akaniambia hiyo ndiyo alama ya ukoo wao.

Alinisimulia akiwa amesimama juu ya kigoda nimpime pindo. Babu wa babu zake alikuwa muuza vitambaa. Alimuuzia mfalme kitambaa cha makoti ya askari, na mfalme akamshukuru kwa kumfanya Sir. Mwanawe akafanywa baroni, na mjukuu, ambaye hakuuza chochote ila alicheza karata na mtoto wa mfalme, akafanywa erli, mkubwa kuliko baroni, na watu wote wakaanza kumwita Lodi Aldersthwaite. Nikauliza kama huko Aldersthwaite ndiko walikozaliwa. Hapana, alisema, ni mahali penye daraja na malisho. Walihitaji jina la mahali, wakachagua hilo. “Na kitambaa kilikuwa kizuri?” nikauliza, maana ndiyo kazi yangu. “Kilichanika kwenye mvua ya kwanza,” akasema, “askari wakapigana mabega nje.” Akacheka tena mpaka kigoda kikatikisika. Mimi nilicheka kwa adabu. Moyoni nilikuwa nawafikiria wale askari.

Haukupita muda mrefu, mdogo wake akafa huko Uingereza. Huyo ndiye aliyekuwa Lodi Aldersthwaite wakati ule, na hakuacha mtoto. Dona aliniambia niache mapazia nimshonee gauni jeusi. Nilidhani, kwa akili yangu ya kawaida, kwamba sasa ukubwa unakuja kwake. Alikuwa ndiye mtoto wa kwanza, ndiye aliyebaki. Nikampa pole, nikamuuliza kama sasa nimwite Lodi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. Akaeleza polepole kwamba ukubwa wao uliumbwa kwa karatasi ya ngozi yenye muhuri wa nta, na katika karatasi hiyo mfalme aliandika nani ataufuata: warithi wa kiume waliotoka mwilini mwake, yule erli wa kwanza. Binti wa erli huitwa Ledi mpaka anakufa, na hapo ndipo anapoishia. Kwa hiyo jina, na nyumba aliyozaliwa, na hata hao wanaume wa ukutani ambao yeye aliazimwa tu, vyote vinakwenda kwa jamaa mmoja wa Kanada, kitukuu wa mtoto wa pili wa erli fulani, ambaye kazi yake ni kuuza mabafu na hajawahi kukanyaga ile nyumba.

“Mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu kusoma,” alisema. “Baba alipougua nilimlisha uji kwa kijiko hikihiki mpaka mwisho. Mdogo wangu alikuwa anawinda.” Nikamuuliza kama ndivyo wafalme wote walivyoandika. Akasema hapana. Mara nyingine mfalme alipompenda mtu asiye na mwana, aliandika kwamba binti yake arithi, na binti akarithi, na hakuna anga lililoanguka. “Basi ni kuandika tu,” nikasema. “Ni kuandika tu,” akajibu, macho yamejaa machozi. Siku ile nilimwona kama dada yangu. Nilikwenda jikoni kula na mpishi nikasukuma sahani pembeni, kwa hasira ya nyumba isiyonihusu kabisa.

Jumamosi nilipanda gari la kurudi Dzaleka nikawasimulia wenzangu, tukichambua sombe, majani ya muhogo. Faida alikuwa amekaa akinyoosha miguu mbele, tumbo limemfika magotini. Mama Nsimire alinikatiza nilipofika kwenye maneno ya mfalme. “Benye balitoka mu mwili yake? Mwanaume?” akauliza. “Mi nimezalisha batoto tangu mama yako hajaolewa, na sijaonaka hiyo mulango yenye mutoto anapitia kwa baba.” Faida alicheka mpaka akashika mbavu, akatuomba tunyamaze asije akazaa kabla ya wakati. Halafu akaacha kuchambua. “Na mi je, yaya?” akaniuliza; kwetu yaya ni dada mkubwa. “Kama ni binti?” Ndipo aliponiambia jambo ambalo wazee walikuwa wamemwambia yeye peke yake. Akizaa mtoto wa kiume, atakaa kama mama wa mwami, hakuna atakayemgusa. Akizaa binti, kiti kitakwenda kwa Bisimwa, mtoto wa baba mdogo wa marehemu, na anayechukua kiti huchukua na mjane wa kiti. Bisimwa aliuza sigara karibu na zahanati, alikuwa na mke tayari, na mke huyo tulimwona kila wiki akiwa na uso uliovimba. “Mi siko kiti,” Faida akasema. “Banirithi namna gani?”

Alishikwa na uchungu mchana wa mvua kubwa, siku nilipokuwepo. Wazee walisimama chini ya ukingo wa bati, maji yanawamwagikia migongoni, wakingoja. Sasa ni lazima nieleze kosa lilivyotokea, kwa sababu wapo wanaosema mpaka leo kwamba lilikuwa uchawi. Mila yetu ilitaka mbegu ziwe mkononi kabla mtoto hajamaliza kutoka, ili asiwepo wa kusema zilitiwa baadaye. Wakunga wa zamani, nadhani, walijua namna ya kuvuta muda mpaka waone kama ni mvulana. Mama Nsimire hakuwahi kumzalisha mrithi. Alisikia tu kwa mama yake. Mimi nilikuwa nimemshika Faida mgongo. Kichwa kikaja, bega likaja, mkono mdogo ukatoka unapapasa hewa, na bibi yule akaufungua kwa kidole, akamwaga mbegu za Mitundu, akaufumba, kisha akapaza sauti kushinda mvua: “Ameshika! Mbegu iko mu mukono!” Huko nje walilipuka. Walipiga makofi, wakaita majina ya mababu, na kwa upenyo wa mlango nilimwona Mzee Zihindula mwenyewe, aliyekuwa hapigi goti hata kanisani, akipiga magoti kwenye tope na kusema, “Karibu, Mwami wetu.” Ndipo mtoto akamaliza kutoka.

Mama Nsimire alipapasa. Akapapasa tena. Faida akauliza, “Ni nini?” na bibi akajibu kwa sauti ndogo sana kwamba ni binti. Nilitegemea Faida alie. Alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka kabisa, akanyoosha mikono apewe mwanawe. Mbegu zilikuwa bado zimefumbatwa, na zile zilizochopoka Mama Nsimire alizichomoa moja moja kutoka kwenye blanketi akazifunga tena kwenye kitenge. Mimi ndiye niliyetoka kuwaambia wanaume. Mzee Zihindula alinisikiliza, maji yakimtiririka puani, kisha akasema, “Mbegu zimekosea fasi ya kuingia.” Akawageukia wenzake. “Hakuna mwenye ameona kitu. Muliona kitu?” Hawakuona kitu. Magoti ya suruali yake yalikuwa yamejaa tope mpaka kwenye paja.

Hapo ndipo nilipopoteza adabu yote niliyofundishwa. Nilimwambia mzee wa watu kwamba mbegu hazikosei wala hazipatii, mimi mwenyewe nimezileta kutoka sokoni, yeye ndiye aliyenituma. Kama sisi ndio tunaonunua na sisi ndio tunaotia mkononi, basi sisi ndio tunaomfanya mwami, na tukitaka tunaweza kumfanya huyu. “Ni kutia tu,” nilisema, nikisikia sauti ya Dona kinywani mwangu. Mzee hakukasirika, na hilo liliniuma kuliko kofi. “We uko mutoto,” akasema. “Coutume, mila yetu, haiko nguo, ukate namna unataka.” Akaenda zake kubadilisha suruali.

Wiki zilizofuata kambi yote ilijua, kwa kuwa kelele ile ya mvuani ilisikika mpaka kwa Warundi wa upande wa pili. Watu wetu wakagawanyika. Wanawake wengi, hata wasiosema hadharani, walimletea Faida unga na mafuta wakimwita mama wa mwami. Mzee Zihindula aliona mambo yanamponyoka, akatafuta nguzo ya kuegemea. Alikuwa amesikia kwamba nashona kwa binti wa mwami wa Wazungu. “Mulete,” akaniambia. “Tumuulize namna kwao banafanyaka.” Nilirukia nafasi hiyo kama mjinga. Nilikuwa nimeyaona machozi ya Dona kwa macho yangu. Nilijua atasema nini.

Alikuja kwa gari lake mwenyewe, amejaza vitambaa vya kugawia kikundi cha kanisa cha ushonaji, amevaa gauni jeusi nililomshonea. Walimpa kiti cha plastiki cha mchungaji. Wanawake walikuwa wamepika tangu asubuhi, samaki wadogo wakavu wa sambaza na sombe na maharage, naye alikula kwa mkono, vizuri, akasifu pilipili. Nikaanza kujivuna kama niliyemzaa. Faida alikaa karibu na mlango akimnyonyesha Mbuto. Kisha Mzee Zihindula akasimama, akamkaribisha kwa maneno marefu ya heshima, akaniambia nimuulize: kwao, mkubwa akifa bila mtoto wa kiume, je, binti anaweza kukaa kwenye kiti? Nikauliza kwa Kifaransa. Nikamtazama usoni, nikimtia moyo kwa macho.

Dona Edith alikunja kitambaa cha mikono akakiweka juu ya goti. “Kwetu ukubwa hufuata wanaume tu,” alisema. “Ndivyo ilivyo tangu ulipoumbwa. Mdogo wangu amekufa, na sasa erli ni binamu yangu wa Kanada. Hiyo ndiyo sheria.” Alisema hivyo kwa utulivu, mgongo umenyooka, na Mungu anisamehe, niliisikia fahari ndani ya sauti yake. Nilingoja aendelee. Akainua kikombe chake cha chai. Ilinibidi niyatafsiri maneno yale mbele ya Faida, neno kwa neno, na kila nililolitoa niliona uso wake unafunga. Wanaume wakapiga makofi. “Munaona?” Mzee akawaambia wanawake waliokuwa wakileta unga. “Hata Bazungu! Hata kwa Bazungu benye gari!” Bisimwa alikuwa amekaa nyuma kabisa. Aliinuka akaenda kumwongezea Dona chai.

Katika gari la kurudi Lilongwe, tulipopita njia panda ya lami, nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini. “Waliniuliza sheria ni ipi,” akasema. “Hawakuniuliza mimi naionaje.” Nikamwambia angeweza kusema bila kuulizwa. Alibadilisha gia. “Sikulelewa hivyo,” akajibu. Nimelibeba jibu hilo miaka yote hii na bado linanichoma. Mtu amenyang'anywa nyumba aliyozaliwa, anavililia vijiko vyake mbele ya fundi nguo, halafu akipewa nafasi ya kusema neno moja kwa ajili ya msichana mwingine, anawatetea walionyang'anya! Na vizuri kabisa, kwa sarufi safi. Nilimwambia hivyo, karibu hivyohivyo, na nilijua naweza kufukuzwa kazi. Hakunifukuza. Aliposimamisha gari mbele ya nyumba alisema, mikono bado kwenye usukani, kwamba chumba cha nyuma ya jiko ni kitupu, na kama yule msichana atahitaji pa kulala, mlango wake haufungwi. Ndiyo ujasiri aliokuwa nao. Alikuwa nao wa kunong'ona garini.

Bisimwa alitawazwa Jumapili baada ya ibada. Walitafuta ngozi ya chui, wakapata blanketi lenye madoa ya chui. Pombe ya ndizi haikuwepo, na watu wa kanisa wasingekubali, basi wakapika thobwa, uji mtamu wa Wamalawi, wakajaza ndoo. Kiti chenyewe alikichonga seremala wa hapahapa kambini, mbao bado zinanuka. Nilimtazama Bisimwa akikalia kiti hicho, mwami wa kilima ambacho asingethubutu kukisogelea, nikamkumbuka muuza mabafu wa Kanada na jina lake la daraja na malisho, nikaona kwamba hawa wawili wakikutana wataelewana bila mkalimani. Mama Nsimire alisimama bila kuitwa. “Mi njo nilimupokea ule mutoto,” akasema. “Mbegu ziliingia mu mukono yake na nyinyi mukapiga magoti. Bisimwa, we ulizaliwa na nini mu mukono?” Wakamwambia akae, macho yamemharibikia, sasa na akili. Hakukaa. Walitawaza mbele yake akiwa amesimama.

Lililobaki lilikuwa kikombe. Kwa mila yetu kikombe cha kwanza hunywewa na mwami, na mjane wa kiti ndiye humletea; mwami akikipokea mkononi mwake, mjane ameshakuwa wake, hakuna maneno mengine. Mzee Zihindula alichota thobwa akampa Faida. Mbuto alikuwa mgongoni, amelala. Faida alikishika kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akatembea mpaka mbele ya Bisimwa. Bisimwa akanyoosha mkono. Faida akainua kikombe akakinywa mwenyewe. Hakukinywa kwa haraka. Tulimwona koo likipanda na kushuka mpaka thobwa ikaisha, kisha akakifudikiza chini, mbele ya miguu ya mwami mpya, akafuta mdomo. “Asante,” akasema. “Ilikuwa na sukari ya kutosha.” Akageuka, akapita katikati ya watu, akashika njia ya kwenda barabara kuu. Nilichukua beseni lenye nguo zake nikamfuata. Nyuma yetu hakuna aliyejua mila inasemaje juu ya jambo hilo, kwa sababu halikuwahi kutokea.

Alikaa katika chumba cha nyuma ya jiko mpaka Dona Edith aliporudi kwao, kisha tukapanga Chinsapo. Aliuza nyanya na dagaa, akamsomesha binti yake, hakurithiwa na mtu. Kuhusu Dona, sijui nimwekee nini kwenye mizani. Alitupa paa, na nusu ya mila iliyotusukuma kutafuta paa aliitia muhuri yeye. Naweza kumshukuru na bado nikamkasirikia, na ndivyo ninavyofanya.

Nilipomaliza kazi ya mteja nikakata uzi, nikamgeukia Mzee Zihindula. Akanieleza shida yao. Bisimwa alipelekwa Amerika pamoja na familia, amekufa huko, ameacha mabinti watupu. Watu wa kilima waliotawanyika dunia nzima wanapigiana simu, wanataka kiti kisipotee. “Donc, basi, tumekumbuka,” akasema. “Mbegu zilikuwa kweli mu mukono ya ule mutoto. Mi mwenyewe nilipiga magoti.” Nikamwambia nilidhani hakuna aliyeona kitu. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. “Tumesikia amezaa kijana. Kiti inaweza kupita kwake, ifike kwa kijana.” Nikamuuliza, na yeye mwenyewe je, aliyeshika mbegu? “Ule ni njia tu,” akasema.

Cherehani ya pili ikanyamaza. “Muzee,” Mbuto akasema, “mwenye munatafuta njo mimi.” Wazee wale waligeuka. Mzee Zihindula alimtazama, nadhani kwa mara ya kwanza, akatazama na kichwa kidogo kilicholala begani mwake. Alijishika kwenye fimbo ajaribu kuinuka, na kwa dakika ile nilimwonea huruma, maana alikuwa anauliza kama mtu anayeomba maji. “Mwana yako,” akasema. “Saa alizaliwa. Alikuwa ameshika kitu mu mukono?”

“Ndiyo, Muzee. Alishika.”

“Alishika nini?”

“Kidole yangu,” Mbuto akasema, kisha akavuta suruali ya shule karibu, akakanyaga pedali. Mimi nikainuka, nikawabebea wazee kreti yao ya soda mpaka barabarani.